Majina Waliyoyapa Mabomoko ya Paestum

Kusini ya mji wa Napoli, katika Italia, mwendo wa kilometa karibu 85, iko mbuga tambarare kando ya bahari, na katika mbuga ile mahekalu matatu ya mawe yanasimama hata leo. Ndiyo Paestum. Wagreki waliotoka Sybaris walijenga mji pale karibu mwaka wa 600 mbele ya Kristu, wakauita Poseidonia, yaani mji wa Poseidon, mungu wao wa bahari. Karibu mwaka wa 400 Walukani, watu wa milimani, wakaushika. Mwaka wa 273 wakaja Waroma, na ndio waliouita Paestum. Strabo, mwenye kuandika habari za nchi, aliona ya kuwa mto uliomwaga maji yake katika mabwawa ya karibu ulipafanya mahali pale kuwa pabaya kwa afya. Mwishowe watu walipanda milimani pamoja na askofu wao, na mji ukaachiwa mbu na vichaka. Habari hizi zimo katika vitabu vingi, hatuna haja ya kuzirefusha.

Tunalotaka kupima hapa ni jambo lingine: namna wenye elimu walivyoyasoma mabomoko yale. Maana bomoko halisemi jina lake. Mtu wa kwanza anafika, anatazama, analipa jina; jina linaandikwa katika kitabu; na mtu wa pili anafika akiisha kusoma kitabu, hata analiona jina mbele ya kuliona jiwe. Msomaji aliyejaribu kufasiri Maandiko Matakatifu, ao kueleza desturi za wazee kwa mtu asiyezijua, anaufahamu ugonjwa huu. Huko Paestum umeonekana wazi kuliko mahali pengi, kwa sababu majina ya uongo yamedumu karne mbili na zaidi.

Tuanze na mahekalu yenyewe. Katikati ya karne ya 18 wasanifu na wachoraji wa Ulaya walianza kufika kwa wingi. Soufflot, fundi wa kujenga wa Ufaransa, alifika mwaka wa 1750. Winckelmann, mwalimu wa sanaa za kale, mwaka wa 1758. Piranesi alichora picha zilizotolewa mwaka wa 1778. Walilikuta jengo la kusini halina paa, wala ile pembe tatu ya mawe juu ya uso wake, na kuta za chumba cha ndani zimekwisha chukuliwa. Tena lina nguzo 9 mbele na 18 ubavuni. Hesabu ile ya 9 iliwasumbua. Kwa desturi hekalu la Kigreki lina nguzo 6 ao 8 mbele, ili njia ya kuingia iwe katikati. Hapa katikati imesimama nguzo, na ndani safu ya nguzo inakikata chumba katika nusu mbili. Basi wakasema: hili si hekalu, ni basilika, yaani nyumba ya Waroma ya mashauri na biashara. Jengo la pili wakaliita la Neptunus, kwa sababu mji ulikuwa wa Poseidon, na nyumba kubwa yafaa iwe ya mwenye mji. La kaskazini wakampa Ceres, mungu wa kike wa nafaka.

Majina matatu, na hakuna hata moja lililopita mtihani wa jembe. Wachimbaji walipofukua karibu ya ile “basilika” walikuta vitu vya kumheshimu Hera, mke wa Zeus. Nayo ni hekalu kamili, la karibu mwaka wa 550 mbele ya Kristu. Hekalu la “Ceres” ni la Athena, la karibu mwaka wa 500. Lile la “Neptunus”, lililojengwa karibu mwaka wa 460, wengi wanalirudishia Hera, wengine wanalitaja kwa Apollo ao kwa Zeus, na shauri halijakatwa. Lakini mtembezi wa leo anasikia bado: hii ni Basilika, hii ni ya Neptunus. Jina likiisha kukaa, jembe pekee haliliondoi.

Katika wageni wale wa kwanza yuko mmoja anayestahili sifa, naye ni Goethe, aliyefika mwezi wa Marsi 1787. Anaeleza katika habari za safari yake ya Italia kama mara ya kwanza nguzo zile nene, zilizokaribiana hivi, zilimchukiza, hata zilimtia hofu. Macho yake yalikuwa yamezoea majengo membamba. Hakuandika papo hapo ya kuwa Wagreki wale hawakujua kujenga. Alijikumbusha zilikuwa nyakati gani, akatembea ndani na kuzunguka nje, na kwa muda usiotimia saa moja alijisikia amepatana nazo. Saa moja si nyingi, lakini ni zaidi ya walivyompa wengine wengi.

Na kweli mtu akikaa mbele ya hekalu la zamani, kisha mbele ya lile la “Neptunus”, anaona mafundi walivyojifunza. Katika la kwanza nguzo zimevimba tumboni, na vichwa vyake ni bapa, vimetandazwa kama mkate uliokaliwa. Fundi aliogopa mzigo, na woga wake unaonekana. Katika la pili, miaka karibu tisini baadaye, uzito ni ule ule, pengine unazidi, lakini nguzo 6 za mbele na 14 za ubavuni zinaubeba bila kulalamika. Tusisahau tena: rangi ile ya dhahabu, ambayo wageni wote wanaisifu jua likishuka, Wagreki hawakuiona. Jiwe la pale lina matundu, basi walilipaka chokaa laini juu, na sehemu nyingine wakazitia rangi kali. Uzuri tunaousifu sisi ni uzuri wa maiti aliyevuliwa nguo zake. Haikatazwi kuusifu, ila tusimtolee fundi wa kale sifa kwa kazi ya mvua.

Hera mwenyewe alikuwa na mahali pengine pa kuheshimiwa, karibu na mdomo wa mto Sele, kilometa zisizozidi 9 toka mji. Strabo alikuwa amepataja, lakini watu walipatafuta bure, mpaka mwaka wa 1934 Umberto Zanotti Bianco na Paola Zancani Montuoro walipoyafukua mawe yaliyochongwa ya mahekalu yale. Pale na mjini vimetoka vinyago vingi vya udongo vinavyoonyesha mwanamke ameketi, na katika baadhi yake ameshika tunda la komamanga. Sasa, juu ya kilima cha Capaccio, pale watu wa Paestum walipokimbilia, liko kanisa la Mama Maria, na sanamu yake ina Mtoto mkono mmoja, na mkono wa pili komamanga. Ndiyo Madonna del Granato, Mama wa Komamanga. Wenye elimu walipoviweka viwili hivi pamoja, walipaza sauti: tazameni, Hera hajafa, amebadili jina tu!

Neno hili limeandikwa mara nyingi, nasi tunapaswa kulipima bila hasira. Wako wakristu wanaolikataa mara moja, kwa sababu wanaona aibu. Hao hawapimi, wanajitetea. Tunda ni lile lile, nchi ni ile ile, na watu waliopanda mlima walikuwa watoto wa watoto wa wale wa mbugani. Si ajabu mkono uliozoea kushika kitu uendelee kukishika. Lakini waangalie vilevile hao wanaopaza sauti. Kati ya vinyago vya udongo na sanamu ya kanisani iko nafasi ya miaka zaidi ya elfu. Mtu anayedai kuna mnyororo atuonyeshe pete zake, wala si ncha mbili tu. Tena komamanga halikumngoja Hera ili liingie katika nyumba ya Mungu wetu. Soma Kitabu cha Kutoka, sura ya 28: makomamanga yalishonwa kwenye upindo wa kanzu ya Aron pamoja na kengele. Na Papa Gregori Mkuu, katika kitabu chake juu ya kazi ya wachungaji, aliyafasiri makomamanga hayo kuwa umoja wa imani: mbegu nyingi ndani ya ganda moja. Askofu wa Paestum hakuhitaji kuchimba mdomoni mwa Sele ili apate tunda lile. Aliweza kulipata katika kitabu mezani pake. Huenda njia zote mbili zilikutana juu ya kilima. Huenda ni moja tu. Anayesema “Hera” peke yake amechagua mbele ya kutafuta.

Kuna jambo lingine lililogusa mioyo ya watu zaidi ya hilo, nalo ni machozi ya watu wa Poseidonia. Aristoxenus wa Taranto, mwanafunzi wa Aristoteles, aliyeishi karne ya 4 mbele ya Kristu, alisimulia ya kuwa Wagreki wa mji ule, wakiisha kuwa chini ya wageni, walipotewa na lugha yao na desturi zao zote. Iliwabakia sikukuu moja tu. Siku ile kila mwaka walikusanyika, wakakumbuka majina ya kale na mila ya kale, wakaomboleza pamoja, wakalia, wakarudi makwao. Neno hilo limehifadhiwa katika kitabu cha Athenaeus, aliyeandika karibu mwaka wa 200 nyuma ya Kristu.

Nani asiyehuzunika akilisoma? Na nani katika sisi asiyewaza watoto wa mijini, ambao hawajui tena kumwamkia babu kwa lugha yake? Lakini kwa sababu hiyo hasa inafaa tusome vizuri. Aristoxenus alikuwa mwalimu wa muziki. Alipotoa habari ya Poseidonia hakuwa anaandika historia ya mji; alikuwa analalamika juu ya muziki wa siku zake, ulioharibika katika michezo ya watu wengi kadiri alivyouona yeye. Akasema: sisi nasi tuko kama wale, tumebaki wachache, tunakumbuka faraghani namna muziki ulivyokuwa. Basi Poseidonia ni mfano katika kinywa cha mtu aliyekasirikia jambo lingine. Mfano waweza kuwa wa kweli. Hata hivyo mwenye kutoa mfano huchukua upande unaomfaa.

Na mabomoko yanasema nini? Katika uwanja wa mji kiko chumba cha mviringo, chenye ngazi za mawe za kukalia, ambamo Wagreki walifanya mkutano wao. Walukani hawakukibomoa. Wameacha ndani yake jiwe lililoandikwa kwa ajili ya Yupita: lugha yake ni ya Walukani wenyewe, iitwayo Kiosko, lakini herufi zake ni za Kigreki. (Sisi ambao tunaandika lugha za babu zetu kwa herufi za Roma, yatupasa kulisimamia jiwe lile kwa muda.) Mahekalu yaliendelea kutumika. Makaburi ya Walukani, yaliyopakwa rangi ndani, yanaonyesha mpanda farasi akirudi vitani na mwanamke akimpokea, wapiganaji wakishindana, wanawake wakiomboleza. Na fundi aliyeyachora alijifunza kwa Wagreki, hilo haliwezi kufichwa. Waliokuja na kukifunika chumba cha mkutano ni Waroma. Kwa hiyo wale waliofanya neno la Aristoxenus kuwa hukumu ya mwisho juu ya mji, wakasema pale Wagreki walikufa na washenzi wakakalia kaburi, hawakuyatazama mawe. Mji ulibadilika kwa namna iliyochanganyika zaidi. Wengine walilia, yawezekana kabisa. Wengine, labda katika nyumba ile ile, walikuwa wanajifunza kuandika jina la Yupita.

Habari ya asali tunaipitia haraka, ijapo inachekesha. Mwaka wa 1954 Pellegrino Claudio Sestieri alifukua chumba kidogo cha mawe kilichofichwa chini ya ardhi, cha karibu mwaka wa 510 mbele ya Kristu, bila maiti ndani. Kulikuwa na vyombo 8 vya shaba vyenye kitu kilichoganda, chenye kunata. Wachimbaji walisema: ni asali. Waliopima baadaye walikataa, wakasema ni mafuta ao nta, si asali. Mwaka wa 2025 wanakemia wa Oxford, kwa vyombo ambavyo wazee wao hawakuwa navyo, waliona humo alama za sukari na protini za chakula kile ambacho nyuki hulishia malkia wao. Ni asali, iliyowekwa pengine pamoja na masega yake. Kumbe mara nyingine jina la kwanza ndilo la kweli! Lakini lilipasa kungoja miaka 70 ili liwe zaidi ya kubahatisha. Nani aliwekewa asali ile, mungu ao mwanzilishi wa mji? Kwa swali hilo kemia haina jibu.

Sasa tufike kwenye kaburi ambalo kwa ajili yake wengi wanafanya safari. Siku ya 3 Yuni 1968 Mario Napoli alifungua kaburi moja kusini ya mji, mwendo wa kilometa moja na nusu. Lilifanywa kwa mabamba ya mawe, manne pembeni na moja la kufunika, na yote yamechorwa upande wa ndani. Ni la karibu mwaka wa 475 mbele ya Kristu. Ndani mlikuwa na vitu haba: chombo cha mafuta na gamba la kobe lililokuwa mwili wa zeze.

Pembeni ni karamu. Wanaume wamelala juu ya vitanda, wamevaa mashada ya majani, vikombe viko mikononi. Mmoja anarusha matone ya divai kwa kulenga shabaha, ndio mchezo wao. Mwingine anapiga filimbi mbili, na mwenzake ametupa kichwa nyuma, mkono juu ya kipaji, akiimba. Fundi hakuwa wa kwanza katika nchi, mistari yake mingine ni ya haraka, lakini yule mwimbaji ni kazi ya mtu aliyesikia wimbo. Na juu, katika bamba la kufunika, hakuna karamu. Kijana mmoja yuchi ameruka toka jengo refu la mawe, yuko hewani, mikono mbele, anashukia maji yaliyovimba kidogo kama mgongo wa kilima. Miti miwili membamba. Basi. Hakuna mtu mwingine.

Napoli alisema mara moja: ni mauti. Kijana anaacha dunia, jengo la mawe ni mpaka wake, maji ni ng'ambo. Wengine wakaongeza mafundisho ya Pythagoras, aliyefundisha Croton, kusini zaidi, juu ya roho kuhama. Tafsiri hii ilipendwa sana, na mapadri hawakuwa wa mwisho kuipenda, maana inaanda njia nzuri ya hotuba. Lakini mwaka wa 2021 Tonio Hölscher, Mjerumani, alitoa kitabu kizima cha kuipinga. Kadiri yake kijana anayeruka ni kijana anayeruka: vijana wa miji ya pwani walirukia bahari, mbele ya wenzao, ili kuonyesha ushujaa wa umri wao, na karamu ya pembeni ni maisha yale yale ya vijana na wanaume. Kaburi linasifu maisha yaliyokuwa mazuri. Roho haimo.

Tunakiri kama kitabu hiki kimefanya kazi njema. Kimefukuza wingi wa maneno yasiyo na msingi, maana hakuna herufi moja katika kaburi lile inayotaja Pythagoras, na gamba la zeze halimfanyi mtu kuwa mfuasi wake. Tena huko Tarquinia, kwa Waetruski, liko kaburi la miaka karibu 40 mbele ya hili, ambamo kijana anaruka toka mwamba kati ya wavuvi na ndege, na hakuna sababu ya kuona pale kitu kingine zaidi ya furaha ya bahari. Waetruski walikuwa majirani, ng'ambo ya Sele; desturi ya kuchora ndani ya kaburi ni yao kuliko ya Wagreki.

Ila kaburi la Tarquinia ni chumba. Watu waliingia, walisimama, walitazama ukuta. Kaburi la Paestum ni sanduku. Bamba lile lilipoteremshwa na kamba, uso wake uliochorwa ulielekea chini, na toka saa ile hakuna jicho la mtu aliye hai lililouona kwa miaka zaidi ya 2400. Hapo ndipo tunapomwacha Hölscher. Ameeleza vizuri kitu kilichochorwa. Mahali kilipochorwa amepapa uzito mdogo mno. Waliomzika mtu yule walijua pembeni patakuwa na wenzake na divai. Na kwa ajili ya sehemu iliyo moja kwa moja juu ya uso wake walichagua kijana aliye peke yake, ambaye miguu yake imekwisha acha jiwe na mikono yake haijagusa maji. Walimaanisha nini, hawakuandika. Napoli aliwapa imani nzima ambayo hawakuitamka, na mpinzani wake amewanyang'anya hata swali. Bamba sasa liko katika nyumba ya makumbusho pale pale Paestum, limesimamishwa wima ukutani, ili watu wote walione vizuri. Na kwa namna hiyo kila mtu analitazama kama asivyokusudiwa mtu ye yote kulitazama, isipokuwa yule aliyelala chini yake.